Ultrasaundi ya Titi Isipotoa Jibu: Mwongozo wa Kutumia MRI kwa Mgonjwa wa Nairobi

Ripoti ya ultrasaundi ya titi mara nyingine humwacha mwanamke njia panda: haimwambii kwamba yuko salama, wala haimwambii kwamba ana ugonjwa. Imeandikwa kwamba kuna eneo lenye kivuli, au uvimbe ambao kingo zake hazionekani vizuri, na mwishoni pamependekezwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Kabla hajafika kituo cha matatu ameshapigia simu ndugu na marafiki, na kila mmoja amempa ushauri wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mume, dada au binti atakayemsindikiza. Unaeleza ni wakati gani MRI inasaidia kweli, ni wakati gani inachelewesha jibu tu, na namna ya kufanyiwa kipimo hicho hapa Nairobi bila kupoteza fedha na muda. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Unakuandaa kuzungumza naye.

Hatua ya kwanza: soma ripoti mpaka mstari wa mwisho

Tafuta neno BI-RADS na nambari iliyo kando yake. Huu ni mfumo wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani unaotumiwa na madaktari wa radiolojia katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, ili ripoti zao zieleweke kwa namna moja. Nambari 0 ina maana kwamba uchunguzi haujakamilika na picha zaidi zinahitajika. Nambari 1 ni titi lisilo na kasoro, na 2 ni kitu kilichoonekana ambacho hakika si saratani, kama vile kifuko cha maji cha kawaida. Nambari 3 ni kitu ambacho karibu hakika si saratani: uwezekano wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida mgonjwa huambiwa arudi baada ya miezi 6. Nambari 4 ndiyo pana kuliko zote, kwani inaanzia juu kidogo ya asilimia 2 na kwenda hadi karibu asilimia 95. Ndiyo sababu imegawanywa kuwa 4A, 4B na 4C, na ni haki yako kuuliza uko katika kundi lipi kati ya hayo. Nambari 5 ina uwezekano wa asilimia 95 au zaidi, na 6 hupewa saratani iliyokwisha kuthibitishwa maabara.

Ripoti isipokuwa na nambari, rudi ukaulize. Usione haya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, vipimo vilivyopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na inamtaka mhudumu amweleze kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana. Mgonjwa anayeomba aelezwe kwa Kiswahili maana ya karatasi aliyoilipia haombi fadhila.

Kuna jambo jingine la kutambua katika hatua hii. Ultrasaundi inaweza kukosa kueleweka kwa sababu ya titi lenyewe, au kwa sababu ya namna ilivyofanywa. Kipimo hiki hutegemea sana mkono na jicho la anayekifanya. Picha iliyochukuliwa kwa haraka, kwa mashine iliyochakaa, na mtu asiyefanya matiti mara kwa mara, inaweza kuonyesha kivuli ambacho mwenzake mzoefu angekiondoa kwa kugeuza kifaa kidogo tu. Basi kabla ya kuamini kwamba titi lako lina fumbo, hakikisha kwamba fumbo haliko kwenye picha.

Hatua ya pili: maliza vipimo vya gharama ndogo

Wengi huruka hatua hii, na kuiruka ndiko kunakowagharimu. Omba daktari akupime titi na kwapa kwa mikono, kisha omba ultrasaundi irudiwe na daktari wa radiolojia anayeshughulikia matiti, akielekeza kifaa mahali hasa palipotiliwa shaka. Ikiwa umefika miaka 30 na hujafanyiwa mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, muulize daktari kama inafaa ifanywe sasa. Kwa aliyevuka 40 mamogramu karibu daima ni sehemu ya uchunguzi wa uvimbe, hata kama ultrasaundi imeshafanyika. Chembe ndogo za chokaa, ambazo mara nyingine ndizo dalili pekee ya saratani iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa, huonekana kwenye mamogramu, lakini MRI haizionyeshi. Kwa hiyo anayekwenda MRI ili kuikwepa mamogramu anaacha pengo ambalo MRI haiwezi kuliziba.

Kama una picha za zamani, zitafute hata kama ni za miaka mitano iliyopita. Uvimbe ambao haujabadilika kwa miaka kadhaa una maana tofauti kabisa na uvimbe mpya, na kulinganisha picha kunaweza kumaliza swali bila senti zaidi. Vilevile, ikiwa kinachoonekana kinafanana na kifuko cha maji mazito, daktari anaweza kukifyonza kwa sindano nyembamba hapo hapo. Kikinywea chote na maji yakawa ya kawaida, jibu limepatikana.

Hatua ya tatu: uliza kama sindano inaweza kufika

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, na ningependa msomaji alibebe hata kama atayasahau mengine: je, kitu hicho kinaonekana kwenye ultrasaundi vya kutosha kuchukuliwa kipande cha nyama? Ikiwa jibu ni ndiyo, na kimepewa nambari 4 au 5, kinachohitajika ni biopsi, yaani kuchukuliwa kipande hicho kikapimwe maabara, si MRI.

Sababu yake ni hii. MRI inaweza kusema kwamba kitu kinatia shaka, na hapo utapelekwa kwenye biopsi. Au inaweza kusema kwamba hakitii shaka sana, lakini kwa kuwa ultrasaundi ilikuwa imekipa nambari 4, daktari makini bado atataka biopsi, kwa maana kuna saratani chache ambazo MRI huzipita. Pande zote mbili zinafika mahali pamoja, ila mgonjwa amefika akiwa ametumia fedha nyingi na wiki kadhaa. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38 anayeishi Umoja, mwenye uvimbe wa sentimita 2 uliopewa 4B. Akianza kuchangisha fedha za MRI kwa jamaa na kwenye chama, anaweza kumaliza miezi miwili. Biopsi inayoongozwa na ultrasaundi hufanywa kwa ganzi ya ngozi tu, humaliza chini ya saa moja, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukiulizwa uchague, omba sindano nene inayokata kipande cha nyama badala ya ile nyembamba ya kufyonza seli, kwa sababu kipande kinawezesha maabara kupima pia vipokezi vya homoni na protini ya HER2 iwapo itakuwa saratani, na matibabu hupangwa kwa kufuata majibu hayo.

Wapo wanaoogopa kwamba uvimbe ukiguswa na sindano utaamka na kuenea. Hofu hii nimeisikia kwa wasomi na wasio wasomi, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Ni kweli kwamba seli chache zinaweza kubaki kwenye njia ya sindano, lakini haijaonekana kwamba biopsi ya titi hupunguza maisha ya wagonjwa. Kinachopunguza maisha ni kuchelewa.

Biopsi ina faida nyingine kwetu. Titi linaweza kupata kifua kikuu, au uvimbe sugu usiotokana na saratani, na hali hizo mbili hujificha katika sura ya saratani kwenye ultrasaundi na kwenye MRI pia. Hakuna picha inayoweza kuzitenganisha kwa hakika. Maabara ndiyo hutoa jibu, na dawa za kifua kikuu zina njia yake tofauti kabisa na upasuaji.

Hatua ya nne: yajue maswali ambayo MRI huyajibu

MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, haina mionzi ya eksirei. Katika uchunguzi wa uvimbe, mgonjwa hudungwa mshipani dawa ya kung'arisha picha yenye madini ya gadolini. Saratani inayokua hujitengenezea mishipa ya damu iliyo dhaifu na inayovuja, kwa hiyo dawa hiyo huingia kwa wingi na haraka, mara nyingine ikatoka haraka pia, ilhali tishu nyingi za kawaida huipokea taratibu. Mashine hupiga picha kabla ya dawa na mara kadhaa baada yake, na mwendo huo wa kuingia na kutoka ni sehemu ya ushahidi. Ndiyo maana MRI hugundua zaidi ya asilimia 90 ya saratani za titi zilizokwisha kupenya nje ya mirija. Ndiyo maana pia huleta hofu za bure: fibroadenoma (uvimbe wa titi usio saratani), uvimbe wa maambukizi, na hata tishu ya kawaida iliyochangamshwa na homoni vinaweza kufyonza dawa hiyo.

Basi, ni katika hali zipi kipimo hiki kina thamani yake? Ya kwanza ni pale kitu kinapoonekana kwenye picha moja tu kati ya zile zinazopigwa titi kwa pembe tofauti katika mamogramu, ultrasaundi ikirudiwa haikioni, na hakuna pa kuelekeza sindano. Hapo MRI inaweza kukionyesha mahali kilipo, au kuonyesha kwamba palikuwa na tishu zilizolaliana tu. Ya pili ni mwanamke aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na sasa ultrasaundi haiwezi kutenganisha kovu na ugonjwa uliorudi. Kovu la zamani kwa kawaida halifyonzi dawa, saratani iliyorudi huifyonza. Tahadhari ni kwamba kovu bichi, la miezi michache, linaweza kung'aa lenyewe, kwa hiyo tarehe ya upasuaji lazima iandikwe kwenye fomu.

Hali nyingine ni chuchu inayotoa damu yenyewe bila kukamuliwa, ilhali mamogramu na ultrasaundi hazionyeshi kitu. Nyingine ni tezi ya kwapani iliyothibitishwa kuwa na saratani inayofanana na ya titi, na titi lenyewe linaonekana safi. Mwanamke aliyerithi kasoro ya jeni za BRCA1 au BRCA2, au mwenye hatari kubwa kwa sababu ya historia ya familia, hufanyiwa MRI hata bila dalili. Na ikiwa biopsi imesema hakuna saratani wakati picha zinaonyesha vingine, usilichukue jibu hilo na kwenda nalo nyumbani: kwa kawaida biopsi hurudiwa, na MRI inaweza kusaidia kuonyesha kama sindano ya kwanza ililenga mahali pake.

Swali lako lisipokuwa miongoni mwa haya, muulize daktari maswali mawili: "Majibu ya MRI yakiwa mazuri, utabadilisha nini? Na yakiwa mabaya, utabadilisha nini?" Kama majibu ya maswali hayo mawili ni yale yale, kipimo hakina kazi.

Hatua ya tano: chagua kituo

Nairobi na viunga vyake vina mashine za MRI katika hospitali za umma kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika hospitali za binafsi kama Aga Khan iliyoko Parklands na Nairobi Hospital, na katika vituo kadhaa vya picha mjini. Lakini kuwa na mashine si sawa na kuwa na vifaa vya matiti. Piga simu uulize kwanza kama wana koili ya matiti, yaani kile kitanda chenye nafasi mbili ambamo matiti huning'inia mgonjwa akiwa amelala kifudifudi. Bila hiyo, kipimo cha titi kisifanywe. Uliza kama picha zitapigwa kwa dawa na kwa awamu kadhaa, nani ataisoma, na kama ripoti itatumia BI-RADS. Mashine ya Tesla 1.5 inatosha na ya Tesla 3 inatosha (Tesla ni kipimo cha nguvu za sumaku). Usilipe zaidi kwa sababu ya nambari hiyo peke yake.

Kisha uliza swali ambalo wachache hulikumbuka: ikiwa MRI itaonyesha kitu kisichoonekana kwa kipimo kingine chochote, biopsi inayoongozwa na MRI itafanyiwa wapi? Ni bora kulijua jibu hilo kabla, kwa sababu biopsi ya namna hiyo huhitaji vifaa vyake maalumu.

Kuhusu malipo, omba bei kamili inayojumuisha dawa ya kung'arisha na ada ya msomaji wa picha, kwani wengine hutaja bei ya mashine peke yake. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba mwaka 2024. Uliza kituo kama kina mkataba nayo, kiasi gani kitalipwa, na kama idhini itahitajika kabla ya siku ya kipimo. Mwenye bima ya kazini naye aombe barua ya idhini mapema, ikiambatanishwa na ripoti ya ultrasaundi.

Hatua ya sita: panga siku na ujiandae

Ikiwa bado unapata hedhi, siku zinazofaa ni kati ya ya 7 na ya 14, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya kutoka damu. Katika siku hizo tishu ya kawaida hung'aa kidogo, na msomaji wa picha hapati shida ya kutenganisha kilicho kibaya na kilicho cha kawaida. Lakini kama daktari ana shaka kubwa, msisubiri mwezi mzima kwa sababu ya hedhi.

Mjulishe mhudumu ikiwa una mimba au unafikiri unayo. Dawa ya gadolini haitolewi kwa mjamzito ila kwa dharura kubwa. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha, kwa kuwa kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno, ingawa anayetaka tahadhari zaidi anaweza kukamua na kumwaga kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu apime kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo. Figo zilizodhoofika sana, hasa zenye kiwango cha kuchuja damu (eGFR) kilicho chini ya 30, huhitaji uamuzi wa daktari na aina ya dawa iliyo salama zaidi. Aliyewahi kupata mzio baada ya kudungwa dawa kama hii aseme.

Chuma ndicho kinachohitaji ukweli kamili. Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, klipu kwenye mishipa ya ubongo, kipande cha risasi au cha chuma machoni kwa aliyewahi kufanya kazi ya kuchomelea vyuma: vyote vitajwe, hata kama fomu haikuuliza vizuri. Koili ya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi kwa kawaida si kizuizi, lakini vitaje pia. Msusi aondoe pete na nyuzi za chuma zilizoko kwenye nywele, wigi yenye klipu ibaki nyumbani, na pini za hijabu zitolewe. Beba ripoti zote, diski za picha za zamani, majibu ya biopsi kama yapo, na tarehe ya hedhi ya mwisho.

Hatua ya saba: chumbani

Utavaa gauni la hospitali lililo wazi mbele, utawekewa mrija mwembamba mkononi, kisha utalala kifudifudi matiti yakiwa ndani ya koili na mikono imenyooshwa mbele. Hakikisha umekaa vizuri kabla ya kuanza, kwa sababu hutaruhusiwa kusogea kwa takriban nusu saa. Picha za baada ya dawa hutolewa kutoka kwenye zile za kabla ili kinachong'aa kibaki peke yake, na ukijisogeza hata kidogo picha hazitalingana. Mashine hugonga kwa kelele kubwa. Utapewa vizibo vya masikio na kitufe cha kuita. Dawa ikiingia unaweza kuhisi ubaridi mkononi. Anayeogopa sehemu zilizobana aseme siku ya kupanga miadi, ili daktari aangalie kama atampa dawa ya kutuliza, na katika hali hiyo aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Hatua ya nane: majibu na kinachofuata

Ripoti itaeleza kiasi cha mng'ao wa tishu ya kawaida, kisha kila kilichoonekana: uvimbe wenye umbo, eneo lililong'aa bila umbo la uvimbe, au nukta isiyofika milimita 5. Mwishoni itakuwa na nambari ya BI-RADS kwa kila titi. Kikionekana kitu kipya kinachotia shaka, hatua ya kawaida ni kurudi kwenye ultrasaundi, safari hii msomaji akijua mahali hasa pa kuangalia. Mara nyingi kitu kinachokosekana mara ya kwanza huonekana mara ya pili, na sindano hupita hapo kwa gharama ndogo. Kisipoonekana kwenye ultrasaundi haina maana kwamba kimetoweka: ndipo biopsi ya kuongozwa na MRI inapohitajika.

MRI ikiwa safi, na swali lilikuwa kitu kilichoonekana kwenye picha ya pembe moja tu ya mamogramu, jibu hilo lina uzito mkubwa. Lakini ikiwa una uvimbe unaoushika kwa vidole na daktari anautilia shaka, au chembe za chokaa zenye sura mbaya kwenye mamogramu, MRI safi haifuti biopsi. Mkumbushe daktari jambo hili kwa adabu lakini kwa uthabiti. Na ikiwa umepewa nambari 3, usiondoke bila tarehe ya miezi 6 iliyoandikwa kwenye kadi, na omba diski ya picha zako siku hiyo hiyo, maana ni dhidi ya picha hizo ambapo za mara ijayo zitalinganishwa, hata kama utakuwa umehamia kaunti nyingine.